Naolewa kwa AG, na jamaa ni wa Mbale

Nikisema naolewa na mtu wa nje, watu wa huku Majengo wanaangalia nyuma yangu kutafuta mzungu. Hayuko. Aliye nyuma yangu ni jamaa wa Mbale, Uganda, mweusi kunishinda, na futi ya kupimia nguo imening'inia shingoni. Soko lote la Gakoromone linamwita Fundi. Hata mimi namwita hivyo, kwa hivyo hapa pia atakuwa Fundi.

“Huyo naye ni mtu wa nje?” jirani yetu aliniuliza. “Si huyo ni wa hapo tu Uganda.”

Hiyo “hapo tu” ndiyo nataka tuiongelee leo. Msichana wa Meru akiolewa na mtu wa Norway, kila mtu anaelewa kwamba kuna karatasi za kutafuta, na watu wanamwonea huruma vile anazunguka na bahasha. Lakini Mkenya na Mganda, Mkenya na Mtanzania, Mkenya na Mkongo, tunafanana. Tunakula ugali uleule (yeye anauita posho), tunasikiliza ngoma zilezile, na watu wanatuambia karatasi ni za nini, kaeni tu. Mimi nasema hivi: kama mwenzako ametoka nchi nyingine, hata kama ni ya hapo tu, hiyo karatasi unaihitaji kushinda mtu aliyeoana na wa kijiji chake. Nitaeleza.

Kwa wale hawanijui: nina miaka 23, naishi Majengo ya Meru (si ya Embu, si ya Nairobi, maana kila mji Kenya una Majengo yake). Niliacha kampasi mwaka wa pili karo ilipokataa kabisa kutosha, na tangu hapo natengeneza video za mitumba. Nafika Gakoromone asubuhi bales zikifunguliwa, naokota vitu vya bei ya chini, halafu naonyesha vile koti la mzee wa Ulaya linaweza kugeuka blauzi kali. Anayeligeuza si mimi, ni Fundi. Tulianza kama kazi, mimi kamera yeye cherehani, na hizo zingine zikajileta zenyewe. Mwaka jana, tukiwa kwenye matatu tukitoka Nanyuki, tulikubaliana kuoana. Hakuna mtu alipiga goti. Kwenye matatu ungepiga goti wapi?

Mipango yetu ni midogo makusudi. Nimekaa kwenye kamati za harusi za kutosha. Unajua vile huenda: mtu anakuingiza kwenye grupu ya WhatsApp bila kukuuliza, jina la grupu ni majina mawili na alama ya moyo katikati, na kabla hujasalimia watu umeshapewa namba ya paybill. Wiki ya pili mwenyekiti anaanza kutaja wale “wametuangusha.” Wiki ya sita kuna mjadala wa saa tatu kuhusu rangi ya vitambaa vya viti. Sina ubaya na wanaotaka hivyo, lakini pesa yangu na ya Fundi inategemea kama mvua imenyesha siku ya soko. Siwezi kuomba watu laki tatu za hema halafu nirudi kulala kwa nyumba ya kupanga.

Kwa hivyo ni kwa AG. Wadogo wangu, kwenda kwa AG ni kufunga ndoa ya kiserikali mbele ya msajili wa ndoa. Tunasema AG kwa sababu usajili wa ndoa uko chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Wazazi wetu walisema “kwa DC.” Mashahidi wawili, sahihi, picha mbili tatu nje ya ofisi, halafu pilau kwa mathe, watu kama 15. Gauni anashona Fundi mwenyewe, kutoka kwa mapazia mawili meupe ya mtumba niliyonunua shilingi mia tatu. Ndiyo, mapazia. Mtaona video.

Sasa hiyo “kaeni tu.”

Njoo-tukae si mchezo, na mimi siidharau. Nusu ya ploti yetu wanaishi hivyo, na wengine wana amani kushinda watu waliofungiwa ndoa kanisani mbele ya maaskofu wawili. Lakini angalia vile inafanya kazi. Msichana wa Nkubu akianza kuishi na kijana wa Githongo, baada ya miezi michache mama wa kijana anajua mama wa msichana ni nani. Wajomba wanajuana. Chifu anajua. Kijana akianza mikono, kuna wazee wanakaa chini. Akikufa, kuna watu wa upande wa msichana watakaofika na matatu moja tu, waulize maswali. Hawana cheti, lakini wana watu, na hao watu ndio rejista yao. Mtu wa nje hana hao watu. Wako nyuma ya mpaka, na pengine hawajui hata jina la mtaa mnaoishi.

Nilipokuwa fomu wani kulikuwa na mwanamke hapa Majengo tuliyemwita Mama Tanga, kwa sababu alitoka Tanga na Kiswahili chake kilitufanya sote tuonekane tunagombana. Aliishi na makanika mmoja miaka 11. Watoto watatu. Alikuwa anauza vitumbua asubuhi, na ukikosa pesa anakupa viwili na kukwambia utalipa ukiwa daktari. Mwanamume akafa ghafla. Watu wake wakaja na lori kutoka ndani huko, wakachukua mwili, wakapanga mazishi.

Majirani tulienda. Nikapewa eulogi, ile karatasi ya kukunja yenye picha, nikasoma. Watoto watatu waliandikwa kwa majina yao. Yeye hakuwepo. Hakuandikwa mke, hakuandikwa hata rafiki. Alikaa viti vya nyuma na sisi watu wa Majengo, kama mtu aliyekuja tu kusindikiza. Hakuna mtu alimtukana, nataka muelewe hiyo. Ndugu ya marehemu alimuuliza tu kwa upole kabisa: “Wazee wenu walikuja kwetu lini?” Hakuwa na la kusema, kwa sababu hawakuwahi kuja. Tanga ni mbali, na nauli ya wazee wanne si mchezo.

Walichukua sanduku la spana na kompresa, vile vitu vilikuwa vinalisha nyumba. Wakubwa wawili wakabaki na nyanya yao huko ndani kwa sababu ya shule. Yeye akarudi Tanga na yule mdogo. Mwili ulikuwa wa kwao, watoto wa kwao, vyombo vya kwao, na yeye miaka 11 hana hata risiti.

Niliporudia hii hadithi kwa rafiki yangu anayesoma sheria (yeye hakuacha kampasi, Mungu ambariki), akaniambia Mama Tanga angeweza kwenda kortini. Kuna kitu mahakama zetu huita dhana ya ndoa. Maana yake, mkikaa pamoja miaka mingi kama mume na mke na watu wakawajua hivyo, korti inaweza kusema hii ni ndoa hata kama hakuna cheti. Na kesi kubwa ambayo kila mwanafunzi wa sheria Kenya anasomeshwa kuhusu hiyo, wacha nikuchekeshe, ni ya watu kama mimi na Fundi. Mwanamume alikuwa Mganda, rubani wa East African Airways, anaishi Nairobi. Akafa kwa ajali 1972. Mwanamke anaitwa Hortensiah Wanjiku Yawe. Walikuwa wameishi pamoja kama miaka tisa, wana watoto wanne, na bado ikabidi athibitishe mahakamani kwamba yeye ni mjane na si mgeni aliyepita. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikakubaliana naye 1976.

Angalia hizo tarehe. Mazishi 1972, jibu 1976. Miaka minne ya kuthibitisha kitu ambacho msajili anaandika ukiwa bado umesimama hapo.

Na usifikirie mambo yamekuwa rahisi tangu hapo. Januari 2023 Mahakama ya Juu yetu, kwenye kesi inayojulikana kwa herufi tu, MNK na POM, ilisema dhana ya ndoa itumike kwa nadra sana. Anayedai ndiye athibitishe: kwamba mlikaa muda mrefu, kwamba mlikuwa huru kuoana, kwamba mlikusudia kuoana, kwamba mlijionyesha kwa watu kama mke na mume. Korti ikasema pia kuna watu wanaishi pamoja bila kutaka kuoana kabisa, na hiyo ni haki yao. Mimi naona wako sawa. Sitaki jaji aamke aamue nimeolewa na mtu kwa sababu tuligawana bili ya stima. Lakini kwa mtu kama Mama Tanga maana yake ni kwamba huo mlango umekuwa mwembamba, na funguo ni mashahidi, na mashahidi wake wako Tanga.

Kitu kingine ambacho wasichana hamwambiwi. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu, na zote zinafaa kusajiliwa. Lakini si sawa kwa kila kitu. Ya kiserikali ni ya mke mmoja, kwisha. Ya kimila inachukuliwa kwamba mume anaweza kuongeza. Kama wewe uko sawa na hiyo, sina neno. Mimi siko sawa nayo, na mwanamume wangu kwao ni siku nzima barabarani kutoka hapa. Nilimwambia Fundi wazi: nataka mahali palipoandikwa.

Hapo ndipo karatasi ya kwanza ilinifurahisha. Mtu wa nje akitaka kuoa Kenya lazima alete kitu kutoka kwao cha kuonyesha hana ndoa nyingine. Kwa Uganda, ofisi inayoshughulika na hiyo inaitwa URSB, hao hao wanaosajili kampuni. Lakini huanzii huko juu. Fundi alianza kwa LC1, mwenyekiti wa kijiji. Fikiria mzee wetu wa mtaa, lakini ako na muhuri na anautumia. Barua ya LC1 inasema huyu kijana namjua, mtoto wa fulani, hajaoa hapa. Halafu kiapo mbele ya wakili. Halafu ndio URSB. Watu wanalalamika kwamba huo ni usumbufu, na Fundi alilalamika pia, alipoteza siku nyingi za kazi. Mimi sikulalamika hata kidogo. Hapo kuna mzee wa kijiji ambaye hanijui, ambaye hana sababu ya kunipendeza, ameweka muhuri kwamba hakuna mke Mbale anayengoja pesa ya matumizi. Ni msichana gani wa Makutano amewahi kupata hiyo barua kuhusu mchumba wake wa Makutano?

Upande wa Kenya ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. Unaanzia eCitizen, unalipa na M-Pesa, halafu unapeleka zenyewe: kitambulisho changu, pasipoti yake, vyeti vya kuzaliwa, picha, hiyo barua ya URSB. Kama karatasi zenu ziko kwa Kifaransa au lugha nyingine, zitafsiriwe Kiingereza kwanza na mtafsiri anayekubalika. Hii nasema kwa ajili ya wale mko na watu wa Goma na Bujumbura. Kama mmoja wenu aliwahi kuolewa au kuoa, hukumu ya talaka au cheti cha kifo ni lazima. Usimlipe kijana wa nje ya ofisi anayesema anaweza kuharakisha. Pale tulipoenda kulikuwa na mmoja, suti safi, kitambulisho shingoni hakina jina la ofisi yoyote. Bei yake ilikuwa mara tatu ya kila kitu tulicholipa.

Halafu unangoja. Sheria inataka notisi ya siku 21 au zaidi, isipite miezi mitatu. Majina yenu yanawekwa wazi, na mtu yeyote mwenye pingamizi anaandika, anataja jina lake, uhusiano wake na nyinyi, na sababu. Kulalamika tu kwenye mazishi ya watu hakutoshi. Leo kwetu ni siku ya 9.

Na kwa sababu ya hizo siku, nyumbani hakulaliki.

Mathe hajakataa Fundi. Anampenda kushinda vile ananipenda mimi. Siku ya kwanza Fundi alimwita “nyabo,” vile Waganda huita mwanamke wa heshima, mathe akafikiri ni jina la dawa, lakini akazoea na sasa akikosa kuitwa hivyo anauliza kama kuna shida. Shida yake ni ruracio. “Utaolewa na karatasi?” ananiuliza. “Watu wakiniuliza mkwe wangu alileta nini, nitoe fotokopi?”

Kwa Ameru ruracio si pesa tu. Kuna ng'ombe, kuna kondoo, kuna asali, na kuna ile miraa ya heshima inayofungwa kwa mpango wake, ncoolo, ambayo haiuzwi stendi. Kila kitu kina maana na kila kitu kina mtu wa kukipokea. Mathe anajua kwamba kwa sheria msajili hatauliza kuhusu ng'ombe. Hiyo ndiyo inamuuma: kwamba kuna ofisi inaweza kumwoza mtoto wake bila kumuuliza yeye chochote.

Anko wangu mkubwa alikuja na yake. Alimkalisha Fundi kwenye sebule, akakohoa, akauliza swali ambalo nilijua litakuja tu: kama ametahiri. Huyo ni Mgisu, jameni. Hawa ni watu wa imbalu! Wanatahiriwa mchana, wamesimama, mbele ya kijiji kizima, mwaka unaogawanyika kwa mbili. Fundi akasema “2016,” akaeleza siku yenyewe kutoka asubuhi mpaka jioni, unga umepakwa mwili mzima, ngoma, hakuna kupepesa jicho. Anko akasikiza mpaka mwisho. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba vijana wa siku hizi wa Meru wanapelekwa hospitali. Tangu siku hiyo hajawahi kumwita Fundi “yule Mganda.” Anamwita “mwanamume.”

Lakini bado alikuwa na moja. “Huyu anataka kipande cha Kenya.”

Hili mtalisikia wote, kwa hivyo shikeni majibu. Kuoa Mkenya hakukupi uraia. Katiba yetu, kifungu cha 15, inasema mtu aliyekaa kwenye ndoa na raia kwa miaka saba au zaidi anaweza kuomba. Saba. Na sheria ya uraia ya 2011 haimkubali aliyeoa kwa ajili ya karatasi tu. Kama Fundi anataka kipande, basi amechagua njia ya kuamka na mimi asubuhi kwa miaka saba, na wanaonijua asubuhi wanajua hiyo si njia ya mkato. Nilimwambia anko pia kitu ambacho yeye hakuwa anajua. Kabla ya Katiba ya 2010, mwanamume Mkenya angeweza kumfungulia mke wake wa nje njia ya uraia, lakini mwanamke Mkenya hakuweza kumfungulia mume wake. Mathe angeolewa na Mganda mwaka 1999, wakati huo ndoa yao haingempa mumewe njia hiyo. Mimi niko na haki sawa na kaka yangu. Na sipotezi uraia wangu kwa kuolewa. Anko akasema hayo ni mambo ya Katiba. Nikamwambia ndiyo.

Kitu ambacho mathe anaogopa kweli alikisema usiku mmoja tukichambua mboga, bila kuniangalia. “Akikupeleka huko, mimi nitakuona lini?”

Hapo sina kifungu. Nilienda Mbale Desemba. Nanyuki, Nakuru, Eldoret, Malaba, na baadaye unaona Mlima Elgon upande wa pili, ambao wao wanauita Masaaba. Nilifika miguu imevimba. Mama yake alinipikia malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, na mchuzi wa njugu. Alinikalisha kwenye kiti kimoja cha mbao chenye mto, yeye akakaa kwa mkeka. Hatukuelewana neno. Alishika mkono wangu na kuugeuza huku na huku kama mtu anakagua kitambaa. Nilimwangalia nikafikiria: huyu naye mtoto wake alienda Meru na harudi. Nilimwambia mathe hivyo. Hakunijibu, lakini aliacha kuchambua mboga kidogo.

Tulipofika ni hapa. Ng'ombe hawawezi kupatikana mwaka huu, na Fundi hataki kukopa ng'ombe, na mimi nakubaliana naye. Alikuja Jumapili iliyopita na binamu yake anayefanya kazi Nairobi, na mzee mmoja jirani, Mswahili wa hapa Majengo, ambaye alikubali kusimama kama mzee wake. Walileta asali. Mtungi mmoja, ya Tharaka, nzuri. Anko alionja, akasema asali imefika, hao wengine watakuja na miguu yao wenyewe. Hiyo kwa lugha ya wazee ni deni, lakini ni deni la mtu anayejulikana. Mathe aliweka mtungi kabatini, akafunga na ufunguo.

Niliona watu wakisema mtandaoni kwamba AG ni ya kukimbia familia. Labda kwa wengine. Mimi sijakimbia mtu, nimeongeza tu ofisi. Hata asali ikifika, hata ng'ombe wakija 2030, nataka pia pawe na karatasi yenye jina langu, ambayo siku mbaya ikija siwezi kuulizwa wazee wetu walikuja lini.

Kwa wale wanataka mambo ya mwisho mwisho. Mashahidi wawili, wawe na miaka 18 na kuendelea, wasiwe wamelewa (sheria imeandika hiyo, sijaongeza), na waelewe kinachoendelea. Hiyo ya kuelewa imetupa shida kidogo. Mama ya Fundi alitaka kuwa shahidi, lakini hajui Kiswahili wala Kiingereza, kwa hivyo shahidi wa upande wake atakuwa binamu. Yeye atakaa mbele kabisa na Fundi atamwambia kila kitu kwa Lugisu. Pasipoti hana na hahitaji. Tangu 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaweza kuvuka mipaka ya hizo nchi tatu na kitambulisho cha taifa tu. Tumemwambia abebe na ile kadi ya chanjo ya homa ya manjano, asisumbuliwe Malaba. Binamu atamngoja Nairobi amlete, maana hajawahi kutoka Uganda na stendi za Nairobi zinaweza kummeza mtu mwenye PhD.

Shahidi wangu bado. Nimemwomba anko, amesema atafikiria, na anko akisema atafikiria huwa tayari ameshapeleka suti kwa dobi.

Mathe naye hajasema kama atakuja ofisini. Jana aliniuliza kama yule mama wa Mbale anakula nyama ya mbuzi. Nikasema anakula. Akasema basi pilau itakuwa ya mbuzi, na akatoka nje kuanua nguo.